Tusiwadhulumu Mara ya Pili

Mwezi uliopita baraza la wazee wa kanisa letu lilikutana kushauriana jambo dogo, nalo likazaa maneno makubwa. Shauri lenyewe lilikuwa hili: ya kwamba upigiliwe ubao ukutani mwa kanisa, karibu na mlango, wenye majina ya watu wa vijiji vyetu waliokwenda ng'ambo katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, pamoja na majina ya wapagazi wa vita vya kwanza, kwa kadiri yatakavyopatikana; na kila mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba, majina hayo yasomwe mbele ya watu wote. Gharama yake ilikuwa ubao mmoja wa mninga na kazi ya fundi ya siku mbili. Hata hivyo shauri halikupita. Watu watatu wenye heshima walisimama, kila mmoja akatoa hoja yake, na wengi wakaitikia.

Wa kwanza alisema, "Wale walilipwa. Walirudi na mifuko imejaa, wakaila fedha yao kwa pombe na nguo za fahari. Watudai nini tena?" Wa pili akasema, "Vita vile vilikuwa vya Wazungu, havikutuhusu." Wa tatu akasema, "Walirudi na kiburi na tabia za kambini, wengine wakaliacha kanisa. Majina yao yana mahali gani katika nyumba ya Mungu?"

Sisi tulikuwapo, tukanyamaza, nasi twaona haya kwa kunyamaza kwetu. Mwalimu anayejua jambo akakaa kimya wakati linaponenwa visivyo, hana tofauti na mtoto aliyelala darasani. Basi tumeona vema kujibu kwa kalamu, si kwa kuwavunjia heshima wazee wetu watatu, maana twawapenda, bali kwa kuwa maneno yao husemwa katika vijiji vingi, na kila yanaposemwa watu waliokwisha kudhulumiwa mara moja hudhulumiwa mara ya pili.

Kwanza yafaa tukumbuke walirudi namna gani, maana wengi wanaonena juu yao leo hawakupata kuwasikia wakisimulia. Sisi tulibahatika. Tulipokuwa watoto, walikuwako bado wazee wachache wa Keya vijijini, nasi tulikuwa tukitumwa kuwapelekea maji na kuni, nao hutulipa kwa masimulizi.

Mmoja alitusimulia ya kuwa vita vilipokwisha mwezi wa Agosti 1945, hakurudi upesi. Alikaa kambini Bara Hindi miezi mingi, kwa kuwa meli zilikuwa chache na wenye kungoja wengi. Hata alipoteremka Mombasa akapanda gari la moshi, kisha lori, kisha akaenda kwa miguu mwendo wa siku nzima, akafika kwao usiku. Akapiga hodi. Mama yake akauliza, "Ni nani?" Akajibu, "Ni mimi, mama." Mama hakufungua. Zilikuwa zimekuja habari za uongo ya kuwa amekufa, na matanga yake yalikwisha kukaliwa. Mama akasema kutoka ndani, "Kama kweli u mwanangu, ngoja kuche." Basi akalala barazani kwao, na koti la jeshi ndilo shuka yake. Kulipopambazuka mama akamwuliza, mlango ungali umefungwa, jina la mbuzi jike aliyekuwa akimchunga utotoni. Alipolitaja, ndipo mlango ukafunguka. Mzee yule alikuwa akituambia, "Wajukuu zangu, Wajapani sikuwaogopa kama nilivyouogopa mlango ule."

Wa pili alikuwa koplo, dereva wa lori. Alirudi akijua kuendesha gari na kulitengeneza, kusoma na kuandika, na kusema Kiingereza kidogo. Akaenda bomani kuuliza kazi. Akaambiwa ipo kazi ya kuvunja mawe barabarani. Akasema, "Mimi ni dereva." Akajibiwa, "Ulikuwa dereva." Maneno hayo mawili hakuyasahau hata siku ya kufa kwake.

Wa tatu hakutusimulia neno. Tulichokijua ni kwamba mvua kubwa ikinyesha usiku juu ya mabati, hutoka nje akaketi chini ya upenu mpaka ikatike. Watu walisema ana pepo. Tulipokuwa watu wazima tukasoma habari za bonde la Kabaw, ndipo tulipofahamu pepo lile lilikuwa nini.

Maana habari zake ni hizi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na katikati ya mwaka 1944 ikaingizwa Burma, ambayo wazee wetu waliiita Bama na leo huitwa Myanmar. Ndani yake walikuwamo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Na batalioni za 26 na 36 za Keya zilikuwa za Tanganyika. Waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika yake, katika matope ya kufika magotini, malaria ikiwaangusha pamoja na risasi, na chakula chao kikidondoshwa na ndege kutoka angani. Mwezi wa Novemba 1944 walifika Kalemyo; mwezi wa Desemba wakaitwaa Kalewa, na hapo daraja refu likatandikwa juu ya mto Chindwin ili majeshi yavuke. Na wengine hawakufika hata kuiona Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani ya chini ya maji karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika mbili tatu. Walikufa watu wapatao 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hao hawana kaburi wala mlango wa kupiga hodi.

Sasa na tuzijibu hoja.

Hoja ya kwanza yasema walilipwa, nao wakaila fedha yao. Twajibu: ni kweli walilipwa kiinua mgongo, lakini aulizaye habari za ujira na aulize pia ulipimwa kwa kipimo gani. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliitoa hadharani hati ya Serikali ya Uingereza iliyokuwa imelala katika hifadhi ya nyaraka. Hati hiyo yaonyesha ya kuwa fedha ya kufunguliwa jeshini ilihesabiwa kwa cheo, na kwa muda wa utumishi, na kwa rangi ya mwili. Mzungu aliweza kupewa hata mara tatu ya alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi. Mwenye kulipa ndiye aliyeuliza.

Na fedha hiyo kidogo ilifika wakati gani? Ilifika wakati nguo na vyombo vilikuwa haba madukani na bei imepanda. Mtu amekaa ng'ambo miaka mitatu au minne. Akirudi akuta paa la nyumba limeoza, mama hana nguo, mdogo wake ataka kuoa, na ndugu hata wa kizazi cha tatu wamemjia kumpa pole kwa mkono uliofunuliwa. Mkono mtupu haulambwi. Basi akampa huyu, akampa yule, akanunua shati moja. Sisi twalikumbuka lile shati tu. Twasema, "Aliila fedha yake." La, ndugu zetu, fedha yake tuliila pamoja naye, na walioila zaidi ni babu zetu wenyewe. Hatukatai kwamba wako walioinywa. Walikuwako, kama wawapo wanywaji miongoni mwa watu wasiopata kuondoka kijijini. Lakini kosa la wachache lisiwe kofia ya kuwavika wote.

Tena fikirini walichopewa wengine. Kenya, baada ya vita vya kwanza, Serikali ilianza mwaka 1919 mpango wa kuwapa wanajeshi Wazungu mashamba, na sehemu ya nchi ya Wanandi ikakatwa kwa ajili hiyo. Baada ya vita vya pili mpango wa namna hiyo ukafanywa tena. Askari Mwafrika hakuhesabiwa katika mipango hiyo. Na hapa Tanganyika, mwaka 1951, miaka sita tu tangu vita kwisha, Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi, hata Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea watu wake. Basi mwenye kusema kwamba askari alishindwa kuendelea kwa sababu ya pombe, na atuonyeshe kwanza shamba alilopewa, na mkopo aliokopeshwa, na kazi aliyofunguliwa, kisha ndipo atuonyeshe chupa.

Hoja ya pili yasema vita vile vilikuwa vya Wazungu. Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatulifichi. Vita havikuanzishwa na wazee wetu, wala hawakuulizwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hawawezi kulaumiwa kwa kwenda. Wako waliokwenda kwa hiari, kwa ajili ya mshahara au kwa kutaka kuiona dunia. Na wako waliotolewa kwa amri, jumbe ameambiwa alete watu kadha wa kadha, akawatoa wasio na mtu wa kuwatetea. Je, aliyetolewa kwa nguvu akafa, apunguziwe heshima kwa kuwa alitolewa kwa nguvu? Kama ni hivyo, mpagazi wa mwaka 1916 aliyekufa kwa kuhara njiani, na mzigo wa unga ungali kichwani pake, hana heshima hata chembe. Na watu wa namna yake walikufa kwa makumi ya maelfu.

Tena si kweli kwamba vita havikutuhusu. Uhabeshi ilitekwa na Waitalia mwaka 1936; askari wa Afrika walikuwamo katika jeshi lililowaondoa, na mwezi wa Mei 1941 mfalme Haile Selassie akaingia tena Addis Ababa. Hiyo ni nchi ya Afrika, iliyokombolewa pia kwa jasho la Waafrika. Mwaka 1942 ndege za Wajapani ziliipiga Colombo, na manowari zao zikafika Diego Suarez katika Madagaska, ng'ambo ya maji haya haya yanayopiga pwani yetu. Asemaye havikutuhusu hakutazama ramani.

Na hapa twawageukia pia watu wa upande mwingine, wale wanaowasifu askari kupita kiasi, wakisema kwamba kila aliyerudi kutoka Burma alirudi na uhuru mkononi. Sifa ya uongo nayo ni dhuluma. Kweli, Waruhiu Itote wa Kenya alipigana Burma, kisha akaingia msituni akaitwa Jenerali China. Lakini walio wengi walirudi kwenye jembe, wakalima, wakazaa, wakazeeka, wasiongoze chama wala msitu. Hao nao walikuwa watu. Hatutaki mtu awe shujaa wa siasa ndipo jina lake liandikwe. Twataka liandikwe kwa kuwa alikwenda, na kwa kuwa alikuwa wetu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuchoma, kwa kuwa yatugusa sisi Wakristo. Yasema walirudi wameliacha kanisa. Wako walioliacha, ni kweli. Bildad Kaggia wa Kenya alitumwa Mashariki ya Kati, kisha Uingereza. Aliporudi mwaka 1946 akaiacha misheni akaanzisha dhehebu lake mwenyewe. Lakini na tujiulize kwa nini. Mtu amekula chungu kimoja na watu wa mataifa mengi, amemwona Mzungu akilia, na Mzungu akiogopa, na Mzungu akifagia, amejifunza kuuliza. Anarudi kanisani na maswali. Ni nani aliyeketi naye akayasikiliza? Mara nyingi aliambiwa ana kiburi. Twajua jambo hili kwa sababu neno hilo hilo, kiburi, ndilo lililosemwa barazani mwezi uliopita, miaka themanini baadaye, kama kwamba halijachakaa.

Nao wengi hawakuliacha. Wengine ndio waliojenga makanisa haya kwa ufundi wa matofali waliojifunza jeshini. Wengine walijifunza kusoma huko huko kambini, maana jeshi lilikuwa na walimu wake Waafrika, na baadhi ya hao walikuwa walimu wa shule za misheni, wa kazi hii hii yetu. Na walimu waliobaki vijijini ndio waliowasomea wake za askari barua kutoka ng'ambo, wakawaandikia majibu. Kwa hiyo sisi walimu hatuwezi kusema kwamba mambo haya si yetu. Mikono yetu ilizishika barua zile.

Ndugu zetu, mwaipenda Biblia, basi na twende huko. Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 30, twasoma habari za Daudi na watu wake waliowafuatia Waamaleki. Watu mia mbili walichoka, wakabaki kijitoni Besori kulinda vyombo. Waliokwenda vitani waliporudi na nyara, wako wabaya miongoni mwao waliotaka wale mia mbili wasigawiwe kitu. Daudi akakataa. Akaamuru ya kuwa fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo yawe sawasawa, akaifanya kuwa sheria. Sheria hiyo yamtosha mpagazi, nayo yamtosha askari mweusi. Serikali iliyojiita ya Kikristo haikuifuata ilipohesabu kiinua mgongo mwaka 1945. Je, sisi nasi tusiifuate, hali sehemu tunayoombwa kugawa si fedha wala ng'ombe, ila ubao na dakika kumi za mwaka?

Tena wengine wamekwisha kututangulia katika kukiri kosa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba baada ya vita vya kwanza watu si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Tulipozisoma habari hizo wengi wetu tulisema, "Waone Wazungu, hata majina ya wafu wetu waliyatupa." Vema. Lakini huko Taukkyan, katika Myanmar, yako mawe ya kumbukumbu yenye majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi lijulikanalo, na humo yamo majina ya watu wa Keya. Yaani mtu wa Afrika ya Mashariki jina lake lasomeka Burma, penye wageni, na kwao halisomeki. Hilo hatuwezi kumtupia Mzungu. Hilo ni letu.

Basi twashauri mambo matatu, nayo si mazito.

La kwanza, majina yakusanywe sasa. Aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane mwaka 1945 leo, kama angali hai, akaribia miaka mia. Waliobaki ni watoto wao na wajukuu. Katika masanduku ya nyumba zetu mna vyeti vya kufunguliwa jeshini, na nishani zilizofungwa kitambaani, na pengine barua. Watoto wa shule watumwe nyumba kwa nyumba na daftari, waandike jina, kijiji, na kile ambacho jamaa wakikumbuka, kama ni kizuri au kama ni kibaya. Wajane walio hai waulizwe kwanza.

La pili, baraza la wazee likae tena kabla ya Novemba, na shauri la ubao lirudishwe. Sisi tutasimama safari hii tuseme kwa kinywa haya tuliyoyaandika. Na wale wazee wetu watatu twawaomba kwa heshima waje na majina ya baba zao. Maana tumeuliza, tukaambiwa kwamba katika hao watatu wawili ni watoto wa watu wa Keya. Pengine waliyoyasema barazani yalikuwa maumivu yaliyovaa nguo ya hoja, kwa kuwa baba aliyerudi nusu huwaumiza watoto kuliko baba asiyerudi. Kama ndivyo, ubao huu ni wao kuliko wetu.

La tatu, majina yasipambwe. Asiandikwe mtu kwamba alikuwa shujaa kama hatujui, wala asiachwe mtu kwa kuwa alikuwa mlevi. Mungu ana kitabu chake cha hukumu. Sisi twaomba ubao wa majina tu.

Waswahili husema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ni methali ya kweli juu ya tumbo, lakini Mkristo hakuitwa kuishi kwa sheria ya tumbo. Mama wa yule mzee alikuwa na sababu ya kuufunga mlango wake, kwa kuwa alidhani aliyeko nje ni maiti. Hata hivyo kulipokucha aliuliza swali, akasikia jibu, akafungua. Sisi kumetuchea zamani, na majibu tumekwisha kuyasikia. Basi na tufungue mlango.